Maumivu ya nyonga yenye kushuka mguuni: fuata njia yake mbele ya kutafuta sindano



Kati ya shida zenye kuleta watu kwenye dispansere ya kompani, kuna moja ambayo karibu kila ekipi inaijua: maumivu yenye kuanza kiunoni, kwenye nyonga ao kwenye tako, kisha yanashuka katika mguu kama moto ao kama umeme. Shofere wa kamio kubwa anayajua. Mekanisie anayajua. Mtu wa kutoboa mawe chini ya udongo anayajua, na bibi yake mwenye kuinama shambani na kubeba maji anayajua vilevile.

Nyumbani tunayaita "rumatisme", na kila jirani ana dawa yake. Mmoja anasema paka mafuta, mwingine anasema kanda kwa nguvu, wa tatu anajua nyumba ya dawa pahali sindano inauzwa bila kuulizwa neno. Lakini jina moja si ugonjwa mmoja. Mguu unauma, na shida inaweza kuwa mgongoni, katika kiungo cha nyonga, chini ya mukaba, ao katika ugonjwa wa mwili mzima.

Neno kubwa la ukurasa huu ni hili: maumivu yana njia, na njia ile inaonyesha pahali yanapotoka. Mwenye kuchunguza njia ya maumivu yake atamwambia munganga vizuri, na atasaidiwa mapema. Mwenye kukimbilia sindano kwanza anaweza kupoteza nguvu ya mguu.

MSHIPA MKUBWA KULIKO YOTE

Katika mwili kuna mishipa ya damu, na kuna mishipa ya fahamu. Mishipa ya fahamu ni kama waya za umeme: inapeleka amri ya ubongo kwenye misuli, na inarudisha habari ya maumivu, joto na baridi. Mshipa wa fahamu mkubwa kuliko yote uko katika mguu. Unaitwa siatiki. Mizizi yake 5 inatoka chini ya mgongo, inaungana na kuwa mshipa mmoja mnene kama kidole, unapita nyuma ya nyonga, ndani ya tako, na kushuka nyuma ya paja mpaka katika wayo.

Waya ikibanwa karibu na masini ya umeme, taa inazimika mbali, ndani ya nyumba. Ni vile hata kwa siatiki. Mzizi ukibanwa mgongoni, wewe unasikia maumivu katika tako, katika shavu la mguu ao katika kidole. Kukanda pahali panapouma hakufungui mzizi wenye kubanwa juu.

AMORTISERE YA MGONGO

Kati ya mfupa na mfupa wa mgongo kuna kitu kama mpira. Wanganga wanakiita disiki. Kazi yake ni ile ya amortisere ya kamio: kupokea mapigo kusudi mifupa isigongane. Nje ya disiki kuna ukuta mgumu wa nyuzi, ndani kuna kitu laini. Kama ukuta umechoka kwa miaka, siku moja mtu anainama, anainua mzigo huku akigeuza mgongo, na ile laini inasukuma ukuta ao inaupasua. Ikitoka kuelekea nyuma, inakutana na mzizi wa mshipa. Katika mwaka 1934, wanganga wawili wa Boston katika Marekani, William Mixter na Joseph Barr, walionyesha kwamba disiki yenye kutoka namna hii inaweza kuleta maumivu ya mguu.

Hii ndiyo sababu yenye kujulikana zaidi kwa watu wenye miaka kati ya 30 na 50, ni kusema wale wenye kufanya kazi. Chunguza alama zake:

— Maumivu yanapita goti na kufika katika shavu la mguu ao katika wayo. Mara nyingi ni mguu mmoja tu.
— Yanazidi ukikohoa, ukipiga chafya, ukikaza tumbo chooni, ao ukiketi wakati mrefu.
— Pamoja na maumivu kuna ganzi, ao sawa vile sisimizi wanatembea katika ngozi.

Tena njia yenyewe inasema ni mzizi gani. Maumivu yakishuka upande wa nje wa mguu na kumalizikia juu ya wayo na katika kidole kikubwa, ni mzizi mmoja. Yakishuka nyuma mpaka katika kisigino na kidole kidogo, ni mzizi wa chini yake. Yakipita mbele ya paja mpaka kwenye goti, mzizi ni wa juu zaidi. Munganga atakuomba utembee kwa visigino, kisha kwa ncha za vidole. Mwenye kushindwa kuinua wayo, ao kushindwa kusimama kwa ncha ya mguu ule, mshipa wake umeanza kupoteza nguvu. Kisha atakulaza chali na kuinua mguu wako pole pole, umenyooka. Kama yale maumivu yanaruka mpaka chini ya goti, hiyo ni alama ya Lasègue, yenye jina la munganga Mfaransa wa zamani.

Radio ya kawaida inaonyesha mifupa. Haionyeshi disiki wala mshipa. Kwa hiyo usikasirike kama munganga anakuuliza maneno mengi na kukugusa mguu mbele ya kukutuma kwenye radio. Mikono yake na majibu yako vinaonyesha zaidi.

Habari njema ni hii: watu wengi wenye siatiki ya disiki wanapona bila kupasuliwa, ndani ya wiki 6 mpaka 12. Zamani tulisema: lala kitandani wiki mbili, usisogee. Leo tunajua kwamba kulala sana kunaregeza misuli na kukawiza kupona. Pumzika siku moja ao mbili kama maumivu ni makali, kisha tembea kidogo kidogo kila siku.

KWA WALE WENYE MIAKA MINGI

Kwa wazee, na kwa wafanyakazi wenye kukaribia pansioni, njia ya mishipa ndani ya mgongo inaweza kuwa nyembamba. Mtu anatembea mwendo mfupi, miguu yote miwili inakuwa mizito, inauma, inapata ganzi. Akiketi ao akiinama mbele, inatulia. Mzee huyu anaweza kuendesha kinga bila shida, lakini kutembea kwenda sokoni kunamshinda.

Usimchanganye na mtu mwingine, mara nyingi mvuta tumbako ao mgonjwa wa sukari, ambaye mishipa yake ya damu imeziba. Yeye shavu la mguu linabana akitembea, na linatulia akisimama tu, bila kuinama wala kuketi. Wayo wake unaweza kuwa baridi. Huyo shida yake haiko mgongoni, na dawa yake ni nyingine kabisa.

KAMA NI NYONGA YENYEWE

Watu wengi wakisema "nyonga" wanaonyesha tako. Lakini kiungo cha nyonga chenyewe kiko mbele, ndani. Kikiwa na ugonjwa, maumivu yanasikilika zaidi katika kinena, pale paja linapokutana na tumbo. Yanashuka mbele ya paja na mara nyingi yanaishia kwenye goti. Mtu anashindwa kuvaa soksi na kufunga kamba za viatu vya kazi. Kupanda ngazi ya kamio kunamtesa. Anaanza kuchechemea. Wengine wanaleta goti kwa munganga, na goti halina kosa.

Mara nyingi ni kiungo chenye kulika kwa miaka. Lakini mtu akiwa kijana, inapashwa kuuliza neno lingine: kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kufa kwa kukosa damu. Jambo hili linapata wenye ugonjwa wa damu SS, ambao ni wengi katika nchi yetu. Linapata tena wenye kunywa pombe nyingi kwa miaka, na wale wenye kumeza wakati mrefu dawa za namna ya deksametazoni na prednisolone.

Hapa ninaomba mnisikilize. Deksametazoni ni dawa nzuri katika mkono wa munganga. Lakini inauzwa sokoni kama karanga, kwa kutuliza "rumatisme" ao kwa kunenepesha mwili. Siku za kwanza maumivu yanapungua na mtu anasifu dawa. Kisha anaongeza. Sukari ya damu inapanda, presha inapanda, mifupa inaregea, na nyonga yenyewe inaweza kuharibika. Alitaka kuponyesha kiuno, akanunua kilema. Tena mwenye kuimeza wakati mrefu asiiache siku moja, sababu mwili unakuwa umesahau kazi yake. Aende kwa munganga kusudi apunguziwe pole pole.

Kuna tena maumivu ya upande wa nyonga, juu ya ule mfupa wenye kusikilika ukigusa kwa mkono. Huyu mgonjwa hawezi kulalia upande ule usiku. Maumivu yanashuka nje ya paja, yanafika karibu na goti, hayana ganzi. Ni misuli na kamba zake zenye kuchoka. Mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga yanasaidia kuliko dawa.

MUKABA NA MFUKO WA NYUMA

Fundi mmoja wa chini ya udongo alikuja na lalamiko la moto na ganzi upande wa nje wa paja, kama kiganja cha mkono kwa ukubwa. Nguvu ya mguu ilikuwa yote. Mgongo ulikuwa mzima. Tulimwomba aonyeshe vile anavyojifunga kwa kazi: mukaba mgumu, umekazwa sana, pamoja na vyombo vyote vyenye kuning'inia. Mshipa mdogo wa ngozi ya paja unapita mbele ya mfupa wa kiuno, na mukaba ulikuwa ukiukandamiza masaa yote ya kazi. Aliregeza mukaba, akagawanya uzito kwa kamba za mabegani, na ganzi ilianza kupungua bila sindano. Watu wenye tumbo kubwa na wanawake wenye mimba wanaweza kupata shida ileile.

Wewe shofere, angalia tena mfuko wako wa nyuma. Kuketi juu ya fungu la feza na vyeti, juu ya simu ao funguo, kunasukuma misuli ya tako juu ya mshipa mkubwa. Ondoa vyote mbele ya kuketi.

SINDANO YA TAKO

Sasa ile sindano. Mshipa wa siatiki unapita ndani ya tako. Sindano yenye kupigwa pahali pabaya, kati ama chini ya tako, inaweza kuingia katika mshipa ao karibu nao, na dawa kali kama kinini inauchoma. Mgonjwa analia palepale: umeme unashuka mpaka katika wayo. Kesho yake wayo unaanguka, hauinuki tena. Wengine wanapona kisha miezi mingi. Wengine wanakokota mguu maisha yote, na mtoto mdogo mwembamba ana hatari zaidi, sababu nyama ya tako lake ni kidogo.

Fikirieni: mtu aliingia na homa ya malaria ao maumivu ya kiuno, na alitoka bila nguvu ya kupanda ngazi. Kwa hiyo:

— Usikubali sindano kama vidonge vinaweza kufanya kazi ileile. Sindano si dawa yenye nguvu kwa sababu inauma.
— Kama sindano ya tako inapashwa kweli, ipigwe na mtu aliyefundishwa, juu na upande wa nje. Kwa mtoto mdogo, paja ndilo pahali pazuri.
— Ukisikia umeme katika mguu wakati wa sindano, piga kelele. Sindano iondolewe mara moja.

MAGONJWA YENYE KUJIFICHA

Magonjwa mengine yanavaa nguo ya "rumatisme".

Kifua kikuu kinaweza kuingia katika mifupa ya mgongo. Mtu anaumwa mgongo majuma na miezi, maumivu hayatulii usiku, anapata homa ya mangaribi, anatoa jasho usiku, anakonda. Usaha unaweza kushuka katika misuli ya ndani mpaka kwenye kinena, na paja linaumwa. Si lazima akohoe. Vumbi la mawe lenye silika linaharibu mapafu na kuongeza hatari ya kifua kikuu, kwa hiyo mtu wa mine asidharau alama hizi. Ugonjwa huu unapona, na dawa zake katika Kongo zinatolewa bure. Lakini ukikawia, mifupa inaanguka na miguu inaweza kufa.

Zona inaanza na moto wa ngozi upande mmoja wa mwili. Kisha siku chache vipele vya maji vinatoka kwa mstari. Kansa inaweza kutoka pahali pengine na kuketi katika mifupa ya kiuno. Na mguu wenye kuvimba upande mmoja, wenye joto na kuuma katika shavu, hasa kisha kulazwa, kuzaa ao safari ndefu, unaweza kuwa na damu iliyoganda. Usiukande hata kidogo! Damu ile inaweza kukatika na kwenda katika mapafu.

USINGOJE KESHO

Nenda hospitalini siku ileile, hata usiku, kama unaona moja ya alama hizi:

1. Mkojo unakataa kutoka, ao unatoka bila wewe kujua, ao choo kinakuponyoka.
2. Ganzi kati ya mapaja, pale mtu anapokalia kinga. Nguvu za mwanaume kupotea kwa ghafula pamoja na maumivu haya ni alama ileile.
3. Miguu yote miwili inaregea, ao wayo unaanguka.
4. Homa pamoja na maumivu makali ya mgongo ao ya nyonga.
5. Maumivu kisha kuanguka ao kisha ajali, na mguu haukanyagi.
6. Mguu mmoja umevimba, ao umekuwa baridi na kubadilika rangi.

Alama ya kwanza na ya pili zinaogopesha wanganga kuliko zote, nazo ndizo watu wanaficha kwa haya. Maana yake ni kwamba mizizi yote ya chini ya mgongo imebanwa pamoja. Mpasuaji anapashwa kuifungua haraka, ndani ya siku moja ao mbili. Mtu akingoja wiki, anaweza kuishi na kitambaa cha mkojo mpaka siku yake ya mwisho. Haya ya dakika moja mbele ya munganga ni ndogo kuliko haya ya maisha.

KUTUNZA MGONGO KAZINI

Mzigo. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inahesabu kilo 23 kuwa mwisho wa mzigo kwa mtu mmoja, na hii katika hali nzuri kabisa: mzigo karibu na mwili, mikono imeshika vizuri, mgongo haugeuki. Mfuko wa simenti una kilo 50. Basi mfuko mmoja si kazi ya mtu mmoja; kigari ni afazali. Kunja magoti, shika mzigo karibu na tumbo, geuka kwa miguu, si kwa kiuno.

Kamio na masini. Mtikisiko wa barabara mbaya unapiga disiki masaa yote. Panga kiti kwa uzito wako, na kiti kilichokufa kitangazwe kwenye garaji kama vile freno iliyokufa. Usiruke chini kutoka katika kabini: shuka ukiangalia masini, pointi 3 zikishika kila wakati. Kisha kuketi masaa mengi, usiinue mzigo mzito palepale. Tembea dakika chache kwanza.

Nyumbani. Mama mwenye kuinama juu ya bassini siku nzima, mumwekee bassini juu ya meza. Bidoni mbili ndogo, moja kila mkono, ni afazali kuliko moja kubwa upande mmoja.

Dawa. Paracetamol inaweza kujaribiwa, bila kupita kipimo. Ibuprofeni inasaidia, lakini inachoma tumbo, inapandisha presha, na inaumiza figo za mtu mwenye kutoa jasho bila kunywa maji. Wenye kidonda cha tumbo, wenye presha na wenye mimba wasiimeze bila kuuliza.

USIFICHE

Ninajua sababu kubwa yenye kufanya watu wafiche maumivu haya: "Munganga akijua, ataniondoa katika ekipi, nitapoteza primi." Neno hili lina uzito, na hatulicheki. Nyumba inakula kwa ile feza. Lakini fanya hesabu. Mwenye kuja wiki ya kwanza, mara nyingi tunamwombea kazi nyepesi kwa majuma machache, kisha anarudi pahali pake. Mwenye kuja kisha mwaka, wayo umekwisha kuanguka, huyo hatuna tena neno la kumwombea.

Na kama maumivu yalianza kazini, kwa mzigo ao kwa kuanguka, mwambie kapita siku ileile na hakikisha yameandikwa katika kitabu cha ajali: saa, pahali, kazi uliyokuwa ukifanya, majina ya walioona. CNSS, ile ambayo zamani tuliita INSS, haiwezi kusaidia jamaa yako kwa ajali isiyoandikwa. Kapita naye asimcheke mtu wake wala kumwita mvivu. Siatiki haionekani kwa macho, lakini mtu wake halali usiku.

Ukija dispansere, jibu maulizo haya matano mbele hatujakuuliza: Yalianza siku gani, ukifanya nini? Yanaanzia wapi? Yanaishia wapi? Nini kinayazidisha, nini kinayatuliza? Kuna ganzi, uregevu, homa ao shida ya mkojo? Onyesha njia yote kwa kidole kimoja, kutoka juu mpaka chini. Kidole kile kitatusaidia kuliko neno "rumatisme".